Katie Paterson na Kilimanjaro ya mchanga

Mwaka 2019 watu wa Uingereza walikuwa wanajenga mlima Kilimanjaro ufukweni, kwa ndoo. Msanii mmoja wa Uskoti, anaitwa Katie Paterson, alitengeneza ndoo za kuchezea mchanga, zile mtoto anajaza mchanga mbichi, anashindilia, anapindua, ila za kwake zina umbo la milima mitano ya kweli: Kilimanjaro yetu, Fuji wa Japani, Shasta wa Marekani, Stromboli wa Italia na lile jabali la Uluru kule Australia. Ndoo zinaingiana, ndogo ndani ya kubwa, na sio plastiki ya kawaida, ni malighafi ya mimea inayooza yenyewe. Zikazungushwa kwenye fukwe 25, wakubwa kwa wadogo wamepiga magoti wanapanga milima, alafu maji yakijaa kila kitu kinaondoka.

Mi ni mtu wa Machame, Kibo nimeuona tangu sijajua kuongea, kwahiyo kitu cha kwanza nilifurahi tu kwamba mlima wetu upo kwenye kazi ya sanaa ambayo sio picha ya tembo na mwezi nyuma yake. Alafu nikakaa na ile kazi nikaona kumbe huyu dada ameusema mlima kisawasawa kabisa, kijiolojia. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizobanana, Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ndo mkubwa kwa umri, umeporomoka na kuliwa na mmomonyoko mpaka leo unaitwa uwanda, watalii wanapiga mahema juu yake. Mawenzi umebaki mifupa, vile vichongoo unavyoviona ukiwa Moshi ukigeukia kulia. Kibo ndo bado una umbo la mlima ambalo kila mtu analijua, na wenyewe unaenda hukohuko. Yaani mlima kuwa mchanga sio mchezo wa mtoto, ndo kinachotokea, mvua na baridi na jua vinapasua mwamba, mito inabeba, Pangani inapeleka baharini. Mchanga wowote unaoushika pwani ulishawahi kuwa sehemu ya kitu kikubwa mahali fulani. Paterson amefupisha tu muda, kile ambacho Mawenzi imekihangaikia mamia ya maelfu ya miaka, bahari ya Uingereza inakifanya kati ya maji kupwa na maji kujaa.

Na hapo ndo nilipompendea. Kazi zake karibu zote ni hivyo, anachukua kitu ambacho sayansi inakitaja kwa namba ambayo kichwa hakiwezi kuishika, miaka mabilioni, kilomita malaki, anakigeuza kuwa kitu unachoweza kukigusa au kukisikia au kukivaa, na mara nyingi akimaliza anakirudisha kilikotoka.

Amezaliwa Glasgow mwaka 1981, kasoma sanaa Edinburgh alafu Slade pale London, na alipokuwa anamaliza Slade mwaka 2007 ndo alifanya kazi iliyomtambulisha. Alienda Iceland kwenye ziwa la Jökulsárlón, pale ambapo ulimi wa barafu kubwa ya Vatnajökull unaishia na kumeguka, akazamisha maikrofoni ya chini ya maji, akaiunganisha na simu ya mkononi. Kule London ukutani kaandika namba ya simu kwa taa za neoni, basi. Hakuna picha ya barafu, hakuna maelezo marefu. Ulikuwa unapiga ile namba, popote ulipo duniani, na unasikia barafu inayeyuka muda huohuo. Fikiria hilo jambo, kwa miaka mingi watu wameonyeshwa grafu za joto la dunia, mistari myekundu inapanda, watu wanatikisa kichwa wanaendelea na shughuli zao. Huyu kaweka simu tu. Na simu sisi sote tunajua maana yake, unampigia mtu unayetaka kujua hali yake, mara nyingi ni mgonjwa au mzazi aliye mbali.

Mwaka huohuo akafanya nyingine hukohuko Iceland. Karekodi sauti za barafu tatu, Langjökull, Snæfellsjökull na Solheimajökull, alafu yale maji ya barafu zenyewe akayagandisha kuwa santuri, zile sahani za muziki za zamani zenye mifereji, sauti ya kila barafu ikachongwa kwenye maji yake. Akaziweka kwenye gramafoni tatu zikapiga kwa pamoja mpaka zikayeyuka zote, ilichukua karibu masaa mawili, na ikapigwa video. Mwanzoni unasikia barafu, kisha sindano inaanza kuchimba kwenye maji na sauti inaharibika taratibu mpaka hujui tena unachosikia ni rekodi ya kuyeyuka au ni kuyeyuka kwenyewe. Kwangu hii ni bora kuliko hata ile ya simu, japo ile ya simu ndo maarufu.

Sasa mimi nikianza habari za barafu siwezi kuacha kwenda Kibo. Barafu ya Kilimanjaro ilipimwa mwaka 1912, na tangu hapo zaidi ya asilimia 80 imeshaondoka. UNESCO mwaka 2022 walitoa ripoti wakasema barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakuwa zimeisha ifikapo 2050, na ni miongoni mwa maeneo ya urithi wa dunia ambayo hata tukipunguza moshi leo hilo halibadiliki. Watu wa nyumbani hili wanalijua, wazee wanakuonyesha kwa kidole palipokuwa peupe. Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na lilinijia nilipokuwa nafikiria ile simu ya Vatnajökull: ukiweka maikrofoni Kibo hutasikia matone mengi kama ya Iceland. Kule juu, karibu mita 5,800, hewa ni kavu na baridi na jua ni kali, sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Ndo maana kuta za ile barafu zimesimama wima, zina makali, hazijalainika kama barafu inayotiririka. Inaondoka kimyakimya, na kupungua kwake hakuletwi na joto tu, theluji ya kuijaza imepungua, hewa imekauka. Na maji yetu ya mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, ambayo wengi wanaamini yanatoka kwenye barafu, kwa sehemu kubwa yanatoka msituni, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti ya ukanda wa kati. Kwahiyo anayelilia barafu ya Kibo huku anakata msitu chini yake anakosea mahali pa kulilia.

Hayo nimeyajua kwa kusoma makala za wanasayansi wanaopima ile barafu, ila kilichonifanya nikazitafute ni msanii. Darasani jiografia tulikariri. Kilimanjaro mita 5,895, volkano iliyolala, barafu inapungua, andika, futa ubao. Hakuna aliyetuuliza barafu inapoondoka inasikikaje.

Kuna kazi yake nyingine ambayo nadhani kila mwalimu wa baiolojia wa kwetu angeipenda, ni mkufu. Alikuwa amealikwa kukaa na watafiti wa jeni wa taasisi ya Sanger karibu na Cambridge, na mwaka 2013 akatoka na mkufu wa shanga 170, kila shanga ni kisukuku halisi, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kimechongwa mpaka kimekuwa duara. Kila kimoja kinasimamia tukio moja kubwa katika historia ya uhai, kuanzia viumbe vya seli moja miaka bilioni tatu na nusu iliyopita. Ukiutazama kwa mbali ni mkufu tu wa kawaida, kijivu, kahawia, nyekundu kidogo, mweupe mmoja, mweusi mmoja, unaweza kudhani wa sokoni. Kwa karibu ndo unaona mistari ya konokono wa kale, vitundu vya matumbawe, nyuzi za mti uliogeuka jiwe.

Nilijaribu kupiga hesabu ya kwangu. Yeye shanga zake kazipanga kwa matukio, lakini tuseme tunagawa ile bilioni tatu na nusu sawasawa kwa shanga 170, kila shanga inabeba kama miaka milioni 20. Zile nyayo za Laetoli, alizozifukua Mary Leakey na timu yake mwaka 1978, zina miaka milioni 3.6, kwahiyo zipo ndani ya shanga ya mwisho kabisa, na hata hiyo shanga haijajaa. Olduvai yote ipo ndani ya hiyohiyo. Mijusi wa Tendaguru kule Lindi, yaani dinosaria, wa miaka milioni 150 hivi, wanaangukia shanga ya nane kutoka mwisho. Yaani mkufu mzima unaobaki, shanga zaidi ya 160, ni dunia ambayo hata mijusi hao wa Tendaguru hawajafika. Mi nimesoma "miaka bilioni" mara ngapi maishani mwangu, sikuwahi kuisikia uzito wake mpaka nilipoihesabu kwa shanga.

Na ukishataja Tendaguru inabidi useme na lingine. Yule mjusi mkubwa aliyefukuliwa pale na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, akabebwa vichwani na mabegani mwa watu wetu mpaka bandari ya Lindi, amesimama Berlin kwenye makumbusho mpaka leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ndo maana ile tabia ya Paterson ya kurudisha vitu inanigusa. Mwaka 2010 alichukua punje moja ya mchanga kutoka Sahara, akapeleka kwa wataalamu wa nanoteknolojia wakaichonga ikawa ndogo kabisa, milimita 0.00005, jicho haliioni, alafu akasafiri nayo mpaka Sahara akaifukia humohumo jangwani. Kuna mtu atasema huo ni upuuzi, nauli yote hiyo kwa punje isiyoonekana. Mi naona ni adabu. Umeazima kitu mahali, umekifanyia kazi yako, unakirudisha, hata kama hakuna mtu angejua kama hukurudisha.

Kimondo nacho alikifanyia hivyo. Kuna vimondo vya chuma viliangukia Argentina eneo la Campo del Cielo, umri wake kama miaka bilioni nne na nusu. Alichukua kimoja akatengeneza kalibu ya umbo lake, akakiyeyusha chote, akakimimina tena kwenye umbo lilelile. Ukikiona ni kilekile, mashimo yaleyale, ila ndani matabaka yake yote ya mabilioni ya miaka yamechanganyika. Kingine kidogo alichokifanya hivyo mwaka 2014 kilibebwa na chombo cha shirika la anga la Ulaya mpaka kituo cha kimataifa cha anga, kikarudi juu. Hapa nakiri sikubaliani naye sana. Sisi tuna kimondo cha Mbozi kule Songwe, kimekaa pale mlimani, unaweza kukigonga kwa mkono ukasikia kinavyolia, na siwezi kufurahia mtu akija na wazo la kukiyeyusha hata kama atakirudishia umbo lake. Yale matabaka yalikuwa kumbukumbu, na ukishayeyusha hayarudi. Labda ndo alichotaka tuhisi, sijui, lakini hisia yangu kwenye hiyo kazi ni uchungu kuliko mshangao.

Ya mwezi ndo mshangao mtupu. Alichukua ile sonata ya Beethoven, muziki wa piano, inayoitwa ya mbalamwezi, akaigeuza kuwa alama za Morse, zile za milio mifupi na mirefu, ikarushwa kwa redio mpaka mwezini, kilomita kama 384,000, ikagonga uso wa mwezi ikarudi, kwenda na kurudi ni sekunde mbili na nusu. Ila mwezi haujanyooka, una mashimo na vivuli, kwahiyo baadhi ya alama zilimezwa hukohuko. Kilichorudi akakigeuza tena kuwa noti na kukiweka kwenye piano inayojipiga yenyewe, unaona vitufe vinazama bila mtu, muziki unaenda vizuri alafu ghafla kuna pengo, alafu unaendelea. Yale mapengo ni mwezi. Yeye hakuyaandika, mwezi ndo umeyaandika.

Alafu kuna balbu. Alishirikiana na wataalamu wa taa wakatengeneza balbu inayotoa mwanga wenye rangi ya mbalamwezi, na seti moja ina balbu 289, zinazotosha maisha ya binadamu mmoja kwa wastani wa umri wa mwaka 2008. Kwa sisi tuliokulia sehemu ambayo umeme ulikuja baadaye, tulicheza rede na kombolela kwenye mbalamwezi ya bure, balbu 289 kwa maisha yote ni kitu cha kusikitisha sana, na nadhani ni sahihi kusikitika. Miji imekula usiku wake.

Kazi yake niliyoikanyaga kwa miguu yangu ni moja, ipo Bristol, kwenye bustani ya Royal Fort ya chuo kikuu. Inaitwa Hollow, imefunguliwa 2016, aliijenga pamoja na wasanifu wa ofisi ya Zeller & Moye. Kwa nje ni nguzo za mbao za urefu tofauti zimesimama zimeshikana, hakuna kinachokuita. Unaingia kwenye uwazi mwembamba, ndani panatosha watu wawili watatu. Kuta zote na dari ni vipande vya mbao zaidi ya elfu kumi, na kila kipande ni spishi yake ya mti. Elfu kumi. Kuna visukuku vya misitu ya kwanza duniani ya miaka milioni 390, kuna kipande cha msonobari ule wa Marekani wanaouita Methuselah wenye miaka zaidi ya 4,800, kuna mti uliopona bomu la Hiroshima, kuna mbao ya reli ya Panama ambapo maelfu ya vibarua walikufa. Vipande vingine vinaning'inia darini virefu na vifupi, na katikati yake kuna matundu mwanga unadondokea, ukisimama pale ni kama umeingia ndani ya mzinga wa nyuki ambao kila nyuki kaleta mti wake kutoka nchi yake. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na pananukia mbao mbichi.

Nilifanya ambacho Mtanzania yeyote angefanya, nilitafuta mpingo. Niliangalia ukuta kipande kwa kipande nikapata kimoja cheusi tii, kidogo kama kiberiti, kimelala kati ya mti mweupe na mwingine wa njano, nikaweka kidole pale nikakaa. Kiko baridi kuliko vya jirani. Sina ushahidi kwamba ni mpingo, miti myeusi ipo mingi, lakini kwa kushika nilimfikiria fundi wa Kimakonde ninayemfahamu Mwenge, anavyogeuza gogo anatafuta mahali pa kuanzia, ana heshima ileile kwa mti. Nilikaa mle mpaka akaingia mama mmoja na mtoto, ikabidi nitoke niwapishe.

Kubwa kuliko zote ni maktaba. Mwaka 2014 Paterson alipanda miche elfu moja ya misprusi, miti ya jamii ya msonobari, kwenye msitu wa Nordmarka nje kidogo ya Oslo, Norwe. Kila mwaka mwandishi mmoja anachaguliwa, anaandika kitu, anakikabidhi kulekule msituni, na hakisomwi na mtu. Mwaka 2114 miti itakatwa itengenezwe karatasi na maandiko yote mia yachapwe. Wa kwanza alikuwa Margaret Atwood wa Kanada, na wa mwaka 2021 alikuwa Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, ambaye wengi wetu tunamjua. Tangu 2022 maandiko yanawekwa kwenye chumba maalum ndani ya maktaba kuu ya Oslo, chumba kimejengwa kwa mbao za miti iliyokatwa kupisha ile miche, na ukutani kuna droo mia za kioo zinazowaka taa hafifu, moja kwa kila mwaka. Mji wa Oslo umesaini mkataba wa kuitunza kwa miaka mia. Paterson mwenyewe angekuwa na miaka 133 mwaka huo wa 2114.

Nimewahi kusikia mtu akisema hiki ni kitu cha nchi tajiri, kwetu msitu wa miaka mia ungeshakuwa mkaa. Sikubali. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wametunza misitu ya kaya kwa karne nyingi, hukati mti, huingii hovyo, wazee wanaijua na wanaisimamia, na UNESCO waliiandikisha mwaka 2008 ikiwa imesimama kwa utunzaji wao. Nao walikuwa wanawatunzia watu wasiowajua. Kuna misitu midogo ya hivyo hata Upareni. Kama kuna mtu wa kujifunza kutunza mti kwa ajili ya mjukuu wa mjukuu, hata Oslo wangeweza kuja kuuliza Kilifi.

Sasa nina ombi, na nalitoa kwa vijana wa nyumbani mnaopandisha wageni mlimani, waongozaji na wapagazi, ambao mnafika juu kila wiki wakati sisi wengine tupo huku mbali. Mkipita karibu na barafu ya Furtwängler pale kwenye kreta, jua likiwa limeshachomoza vizuri, sogeza simu kwenye ukuta wa barafu urekodi dakika tano, ifunike na glavu upepo usiingie sana, wageni wasiongee. Andika tarehe na saa. Nitumieni, nitazikusanya zote mahali pamoja, na kila baada ya muda turekodi palepale tena, mpaka siku mtakayoniambia hakuna ukuta wa kusogezea simu.